Mtoto Aliyechelewa Mdundo Mmoja: Mwalimu wa Chekechea kama Jicho la Afya ya Mtoto

Ukivuka Mto Pangani hadi Bweni, kisha ukashika njia ya kusini katikati ya minazi na mashamba ya mkonge, utafika Mwera. Kwa miaka kadhaa sasa, mimi na wenzangu tumekuwa tukienda sehemu hiyo kwa huduma za mkoba za afya ya mtoto. Katika safari moja, nikiwa bado naandika kadi ya mtoto wa mwisho, mwalimu wa chekechea alisimama mlangoni akisubiri nimalize.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa simjui kama ni mgonjwa. Nina kijana wangu mmoja, wenzake wanamwita bubu. Mimi naona si bubu. Naona hasikii."

Nilimwuliza amejuaje. Akanieleza kwamba watoto wake hucheza "Ukuti" kila asubuhi kabla ya masomo, wakishikana mikono na kuzunguka. Mtoto huyo huzunguka na wenzake, hukaa wakikaa na huinuka wakiinuka, ila daima huchelewa mdundo mmoja. Kwa muda wa wiki mbili mwalimu alimtazama, akabaini kuwa hafuati wimbo bali hufuata miguu ya wenzake. Siku moja akasimama nyuma yake, akamwita kwa jina lake mara tatu. Mtoto hakugeuka. Akakanyaga sakafu kwa nguvu. Mtoto akageuka, kwa kuwa alihisi mtikisiko.

Mtoto aliletwa na bibi yake. Nilipofungua kadi ya kliniki nikaona mwandiko wangu mwenyewe. Miezi kumi na minane kabla ya siku ile, nilimwona mtoto huyu kwa kikohozi na usaha sikioni. Nilimwandikia dawa, nikamwelekeza bibi namna ya kusafisha sikio, nikapima uzito nikaona umo katika eneo la kijani, nikaandika kwamba maendeleo ni mazuri. Sikumwuliza bibi mtoto anazungumzaje, wala sikumwita mtoto kwa nyuma. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Sisi tulidhani ni mkaidi tu, mwanangu," alisema bibi. "Nimemchapa mara nyingi, Mwenyezi Mungu anisamehe."

Nilimjibu kwamba msamaha huo tuuombe sote wawili.

Pengo kati ya kliniki na shule

Mama wa Kitanzania huipeleka kliniki mimba yake, kisha mtoto wake, kwa uaminifu mkubwa. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na dozi ya pili akiwa na miezi 18. Baada ya hapo, kwa uzoefu wa wengi tunaofanya kazi hii, mahudhurio hupungua. Mzazi huona chanjo zimekwisha, mtoto anatembea na anakula, basi safari ya kliniki hubakia kwa ajili ya homa. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa Juni na Desemba humrudisha mtoto kwa dakika chache tu.

Kutoka hapo hadi darasa la kwanza kuna takribani miaka minne au mitano. Katika kipindi hicho ndipo mtoto anapojenga lugha yake, anapojifunza kutawala hasira, kushirikiana na wenzake na kushika kalamu. Ndipo pia ulemavu mwingi usioonekana kwa macho unapoanza kudhihirika: usikivu hafifu, uoni hafifu, usonji, kifafa cha kuduwaa na uchelewaji wa lugha. Nje ya familia, mtu mzima pekee anayemwona mtoto huyo kila siku ni mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, mwalimu wa chekechea au mwalimu wa madrasa.

Mtu huyo ana kipimo ambacho mimi daktari sina. Mimi humwona mtoto mmoja kwa dakika kumi, akiwa na homa na akiogopa sindano. Yeye huwaona watoto ishirini wa rika moja, kwa saa kadhaa, wakicheza. Anayetofautiana na wenzake hujitokeza bila kuitwa.

Mtaala si kuhesabu na kuandika peke yake

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na tangu 2016 haitozwi ada katika shule za Serikali. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 ulijengwa juu ya umahiri wa aina sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Mitaala iliyoboreshwa, ambayo ilianza kutumika Januari 2024, imebakiza msingi uleule: mtoto wa umri huu hujifunza kwa kucheza na kutenda.

Wazazi wengi, na baadhi ya walimu, huyapita maneno hayo haraka na kuuliza swali moja: mtoto ameshajua kusoma? Kituo ambacho watoto wa miaka minne wanakaa kimya wakinakili herufi ubaoni huonekana kuwa bora kuliko kile ambacho watoto wanajenga nyumba kwa vifuu na mchanga. Kwa jicho la daktari, orodha ile ya umahiri ina maana nyingine. Kila kipengele chake ni pia uchunguzi wa afya, ikiwa anayefundisha anajua kutazama.

Katika kuhusiana, mwalimu humwona mtoto asiyemtazama mtu machoni, asiyeitikia jina lake, anayerudiarudia mchezo uleule peke yake na kuumia sana utaratibu ukibadilika. Huyo anahitaji kuchunguzwa usonji. Humwona pia mtoto aliyekuwa mchangamfu kisha akanyamaza ghafla, na kimya hicho huenda kinatoka nyumbani.

Katika kuwasiliana, husikia matamshi yaliyopinda, huona mtoto anayegeuza sikio moja kila anaposemeshwa, na yule anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Katika stadi za kisanii, huona mkono usioshika, mguu unaoburuta na macho yanayosogezwa hadi karibu kabisa na karatasi. Katika kutunza afya, humwona mtoto anayechoka upesi, anayekojoa damu, anayerudi chooni mara kwa mara, au mwenye macho ya manjano na maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka.

Maumivu hayo ya mwisho yasipuuzwe ukanda wa pwani. Selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, ni ugonjwa wa kurithi ulioenea nchini mwetu. Mtoto mwenye ugonjwa huo anahitaji maji ya kunywa muda wote, ruhusa ya kupumzika, kukingwa na baridi, na kupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo akipata homa. Mlezi asiyejua hayo humnyima maji ili asiombe ruhusa ya chooni, na kwa kufanya hivyo humtia mtoto hatarini.

Nguzo tano

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walizindua mwongozo wa malezi jumuishi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania iliuchukua mwelekeo huo na, Desemba 2021, ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kutungwa kwa mimba hadi miaka minane. Programu hiyo ilipangwa kutekelezwa kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 hadi 2025/26.

Kilicho kipya katika programu hiyo ni neno "jumuishi". Kwa muda mrefu uzito wa mtoto ulikuwa wa wizara moja, daftari lake la wizara nyingine, na usalama wake wa afisa ustawi wa jamii. Mtoto mwenyewe hagawanyiki hivyo. Mtoto aliyedumaa hujifunza kwa shida. Mtoto anayeogopa kipigo hashiki anachofundishwa hata akila vizuri. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16. Tumepiga hatua, hata hivyo, bado ni watoto watatu katika kila kumi.

Funzo kutoka pwani yetu wenyewe

Baadhi ya wasomaji watasema miongozo hii ni ya wageni. Nawakumbusha kwamba mojawapo ya mifano iliyochunguzwa vizuri zaidi Afrika Mashariki ilizaliwa pwani hii hii. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wafike shule ya msingi wakiwa tayari, bila kupoteza dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa Mtandao wa Maendeleo wa Aga Khan, na kwa juhudi za walimu kama Bi Swafiya Said, ukaanzishwa mpango wa shule za awali za Madrasa. Baadaye mpango huo ulienea Zanzibar na Uganda.

Walimu walikuwa wanawake wa mtaani waliofunzwa kazini na kutembelewa mara kwa mara na wakufunzi. Vifaa vilikuwa vile vilivyopo: vifuu, makuti, kokwa, vitambaa, chupa. Watoto walipangiwa pembe za michezo, wakapewa nafasi ya kuchagua, wakahimizwa kusimulia walichofanya. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha watoto wa nchi hizo tatu. Waliosoma shule yoyote ya awali walisonga mbele kuliko waliobaki nyumbani, na waliosoma shule za Madrasa walisonga mbele zaidi kuliko wa shule nyingine za awali zilizochunguzwa.

Kwa hiyo kinacholeta tofauti si jengo la kifahari. Ni mtu mzima aliyefunzwa, anayemsikiliza mtoto na kumtazama.

Daftari la mwalimu wa Mwera

Mwalimu niliyemtaja hana vipimo vya kitaalamu. Ana daftari la kawaida la mistari, na kila mtoto ana kurasa zake mbili. Baada ya tukio lile tulikaa pamoja tukakubaliana maswali sita ambayo atayajibu kwa kila mtoto mara moja kwa mwezi:

1. Je, anageuka akiitwa kwa sauti ya kawaida kutoka nyuma, upande wa kulia na wa kushoto?
2. Je, anaona na kutaja kitu kilicho upande wa pili wa chumba?
3. Je, anasema sentensi zinazoeleweka hata kwa mgeni?
4. Je, anacheza na wenzake, au hujitenga siku zote?
5. Je, anakimbia, anaruka na kutumia mikono yote miwili bila shida?
6. Je, amebadilika mwezi huu: kula, kulala darasani, kulia, kujikojolea, au kuwa na alama mwilini?

Jibu moja lenye mashaka halimaanishi ugonjwa. Humaanisha kwamba mwalimu atamtazama tena kwa wiki mbili, atazungumza na mzazi kwa faragha, kisha atampa barua fupi ya kwenda kituo cha afya. Jambo moja tumelikataza kabisa: mwalimu asimpe mtoto jina la ugonjwa. Aandike alichokiona. "Hageuki akiitwa kutoka nyuma" ni sentensi inayomsaidia daktari. "Ni bubu" ni hukumu itakayomfuata mtoto mtaani.

Kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo zaidi, zipo alama za kukumbuka. Mtoto wa miezi 6 hugeukia sauti. Wa miezi 12 hutoa sauti kama za maneno na huonyesha anachotaka kwa mkono. Kufikia miezi 18 hutembea peke yake. Wa miaka 2 huunganisha maneno mawili. Wa miaka 3 hueleweka kwa sehemu kubwa hata na asiyemzoea. Mtoto wa umri wowote akipoteza uwezo aliokuwa nao, kwa mfano alikuwa anasema sasa hasemi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Sikio, uji na kiboko

Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi lina maambukizi sugu. Likaushwe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, kitambaa kibadilishwe hadi kitoke kikavu, na dawa ya matone itolewe kama alivyoagiza mhudumu wa afya. Mtoto asiogelee mtoni wala baharini mpaka apone. Mafuta ya nazi, mafuta ya taa na maji ya majani yasitiwe sikioni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuiwa, na maambukizi ya sikio ni miongoni mwa sababu hizo.

Kuhusu chakula, vituo vingi hutoa uji, na hilo ni jema. Ila uji wa "lishe" wenye nafaka na karanga za aina nyingi zilizosagwa pamoja si lazima uwe bora. Unga wa nafaka moja, ukaongezwa maziwa, dagaa waliosagwa au tui wakati wa kupika, na tunda pembeni, unatosha na ni rahisi kuukagua. Mahindi na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu zitupwe. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, michezo ya mwili kwa saa 3, na asikae mbele ya runinga au simu zaidi ya saa 1. Anayesinzia darasani huenda hakulala, huenda ana upungufu wa damu, huenda ana malaria. Aulizwe kwanza.

Na kiboko? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inasema kwamba adhabu haikubaliki iwapo mtoto, kwa udogo wa umri wake au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa makusudi yake. Mtoto asiyesikia amri haelewi kwa nini anapigwa kwa kutoitii. Mtoto wa miaka mitatu aliyejikojolea haelewi pia. Kila ninapofikiria fimbo za yule bibi, ambaye anampenda mjukuu wake kuliko nafsi yake, naona kwamba hazikutoka katika ukatili. Zilitokana na kutokujua, na kutokujua huko sisi wataalamu tulikuwa na nafasi ya kukuondoa. Anayeshuku kwamba mtoto anaumizwa apige simu ya mtoto, namba 116, ambayo haina malipo.

Kwa wenzangu wahudumu wa afya

Naomba mambo matatu. La kwanza: kila mtoto aliye chini ya miaka mitano anayefika kwa sababu yoyote aulizwe mambo mawili zaidi ya homa, yaani "anazungumzaje?" na "anacheza na nani?" Maswali hayo huchukua nusu dakika. Laiti ningeyauliza, mtoto yule asingepoteza mwaka mmoja na nusu.

La pili: barua ya mwalimu iheshimiwe. Nimewahi kusikia mzazi akisema kwamba alirudishwa na kituo kimoja kwa kuambiwa, "Mwalimu si daktari." Ni kweli si daktari, lakini ndiye shahidi aliye karibu zaidi. Mjibu kwa maandishi, hata sentensi mbili, ili ajue afanye nini darasani.

La tatu: tunapokwenda huduma za mkoba, tupite chekechea na madrasa. Mtoto asiyekuja kwetu yuko huko, na ukanda wa rangi wa kupimia mzingo wa mkono unaingia mfukoni. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na hapo mtoto hapaswi kurudi nyumbani bila matibabu kupangwa.

Alipo sasa

Mtoto yule alipelekwa hospitali ya mkoa, Tanga. Kiwambo cha sikio moja kilikuwa kimetoboka na sikio la pili lilikuwa na majimaji nyuma ya kiwambo. Alitibiwa, na usikivu umeboreka, ingawa haujawa kamili. Mwalimu amemkalisha mbele, upande ambao sikio lake zuri linaelekea darasa, naye humsemesha akiwa ameinama ili mtoto aone midomo yake. Msamiati wake bado uko nyuma ya wenzake, na sitawadanganya wasomaji kwamba muda uliopotea hurudi wote. Lugha ina msimu wake, na sehemu ya msimu huo ilimpita.

Safari ya mwisho niliyokwenda Mwera nilifika asubuhi, kabla ya masomo. Watoto walikuwa wanazunguka, wameshikana mikono. Nilisimama pembeni nikamtazama miguu. Wenzake walipokaa, naye alikaa, kwa wakati mmoja nao. Bibi yake alikuwa amemleta mwenyewe siku hiyo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha kadi ya kliniki ya mjukuu wake mwingine, wa miezi ishirini.

"Huyu naye nimemleta umtazame masikio," alisema. "Safari hii sikungoja kuambiwa."